Kwa nini mashabiki wa AFL hubishana kuhusu mshambuliaji mpya kabla hajagusa mpira

Kwa kawaida mwezi Novemba, msimu ukiwa umekwisha na viwanja vikiwa vitupu, mashabiki wa mpira wa Australia huingia katika ubishi usio na refa wala kipenga cha mwisho. Kijana wa miaka 18, ambaye wiki chache tu zilizopita alikuwa akijiandaa kwa mitihani ya kumaliza shule, ametajwa na klabu kubwa mbele ya kamera. Ni mrefu, anaruka vizuri, na nafasi yake ni ya ushambuliaji. Je, atakuwa mfungaji wa kukumbukwa kwa miaka 20, au jina litakalotajwa kwa kutikisa kichwa?

Msomaji aliyehamia Melbourne, Adelaide au Perth akitokea Afrika Mashariki au Kongo huusikia ubishi huo kazini, kwenye treni na kwenye lango la shule, na huenda akashangaa: wanawezaje kumhukumu mtu ambaye hajacheza hata mchezo mmoja wa ligi kuu? Jibu limo katika namna mchezo wenyewe unavyochezwa, namna klabu zinavyogawana wachezaji, na katika kumbukumbu za majina machache ambayo mashabiki hawajayasahau.

Kazi ya mshambuliaji mrefu

Mpira wa Australia huchezwa katika uwanja wa umbo la yai, kila timu ikiwa na wachezaji 18. Kila upande una nguzo nne. Mpira ukipigwa kwa mguu na kupita katikati ya zile mbili ndefu, timu hupata pointi sita. Ukipita kati ya nguzo ndefu na ile fupi ya pembeni, hupata pointi moja tu. Mchezaji anayedaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka umbali wa mita 15 au zaidi, kabla haujagusa ardhi wala mtu mwingine, hupewa haki ya kusimama na kupiga bila kukabwa.

Kanuni hiyo ya kudaka ndiyo inayompa mshambuliaji mrefu thamani yake. Akiweza kuruka juu ya mabega ya mabeki na kuushika mpira karibu na goli, timu yake hupata nafasi ya kupiga kwa utulivu na kuvuna pointi sita. Watu wenye kimo cha karibu mita mbili si wengi. Wenye kimo hicho, mikono isiyoteleza na mguu wenye shabaha ni wachache zaidi. Ndiyo maana anapopatikana mmoja, matumaini ya mji mzima humwangukia.

Klabu haiwezi kununua njia ya kutokea

Katika soka, klabu tajiri iliyokosea kumsajili mshambuliaji huweza kufungua pochi na kumnunua mwingine. Katika ligi ya AFL, yenye klabu 18, mlango huo umebanwa. Hakuna ada za uhamisho kama zile za Ulaya. Klabu hubadilishana wachezaji na nafasi za uteuzi, na jumla ya mishahara ya kila klabu ina kikomo.

Vijana wapya huingia kwa uteuzi wa kila mwaka, ambao wenyewe huuita drafti. Msingi wake ni kwamba klabu iliyoshika mkia hutangulia kuchagua, na bingwa husubiri hadi mwisho. Lengo ni kuwapa wanyonge nafasi ya kuinuka. Lakini utaratibu huo una uchungu wake: kumchagua mmoja ni kumwacha mwingine, na yule aliyeachwa huonekana kila wiki akiivalia klabu jirani. Kwa hiyo shabiki anapouliza kama kijana mpya ana uwezo, anauliza pia kama mateso ya msimu mzima wa kushindwa yamelipwa kwa haki.

Jack Watts na mzigo wa namba moja

Hakuna mfano unaotajwa zaidi kuliko ule wa Jack Watts. Mwaka 2008 klabu ya Melbourne ilimaliza ya mwisho, ikapata haki ya kuchagua kabla ya wote. Ilimchukua Watts, mshambuliaji mrefu, mwepisi, mwenye mguu safi. Aliyefuata katika orodha alikuwa Nic Naitanui, kijana wa Perth mwenye asili ya Fiji, aliyechukuliwa na West Coast na baadaye akawa mmoja wa warukaji mahiri wa ligi hiyo. Tangu siku hiyo majina hayo mawili yalipimwa kwenye mizani moja.

Watts alicheza mchezo wake wa kwanza Juni 2009, sikukuu ya kuzaliwa kwa Malkia, dhidi ya Collingwood katika uwanja mkubwa wa MCG. Alikuwa na miaka 18 na bado alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Alipogusa mpira, wachezaji watu wazima wa Collingwood walimvamia na kumwangusha chini, na picha hiyo ikarudiwa kwa miaka mingi kama ushahidi. Ila kila upande ulisoma ushahidi huo kivyake. Wapo waliosema kijana ni laini, hana moyo wa kugombana. Wapo waliosema klabu imemtupa mtoto katikati ya wakubwa ili kujaza viti.

Yaliyofuata yanawapa nguvu zaidi wale wa upande wa pili. Katika miaka yake Melbourne, Watts alipita mikononi mwa makocha wanne wa kudumu na wawili wa muda. Huyu alimtaka mbele, yule alimrudisha nyuma. Timu yenyewe ilikuwa ikishindwa mara kwa mara, na mshambuliaji wa timu inayoshindwa husubiri mpira usiofika. Hata hivyo, lawama hazikugawanywa sawasawa. Kubwa zaidi ilimwendea aliyekuwa na namba moja mgongoni mwa jina lake.

Juni 2017, siku ya sikukuu ileile, dhidi ya Collingwood ileile, Watts alifunga katika dakika za mwisho goli lililoipa Melbourne ushindi wa pointi 4. Uwanja ulilipuka. Lakini mwaka huo haukuisha kabla klabu haijamwachia kwenda Port Adelaide. Alistaafu mwaka 2019 akiwa amecheza michezo 174, idadi ambayo vijana wengi wanaoteuliwa hawaifikii. Melbourne ilitwaa ubingwa mwaka 2021, wa kwanza tangu 1964, bila yeye.

Ubishi unapokuwa na mshindi

Mashabiki wenye kutilia shaka huleta mfano mwingine. Mwaka 2004 klabu ya Richmond ilimchagua Richard Tambling katika nafasi ya nne. Nafasi ya tano Hawthorn ikamchukua Lance Franklin. Tambling alicheza zaidi ya michezo 100, kazi ya kuheshimika kwa mchezaji yeyote. Lakini Franklin alifunga magoli 113 katika msimu wa 2008, Hawthorn ikawa bingwa, na alipostaafu alikuwa na magoli 1,066 katika michezo 354. Tangu hapo, kila Richmond walipomtazama Tambling, wengi walimwona mtu ambaye hakuwa pale.

Hapa kuna funzo ambalo mara nyingi husahaulika katika joto la mabishano. Franklin mwenyewe hakuanza akiwa yule wa 2008. Misimu yake miwili ya kwanza ilikuwa ya kijana anayejifunza: siku moja anang'aa, siku nyingine anapiga nje mipira ambayo ingeweza kuamua mchezo. Aliyempima mwaka 2006 angepata jibu tofauti kabisa na aliyempima miaka miwili baadaye.

Mfano wa tatu hauegemei upande wowote. Tom Boyd, mshambuliaji mrefu, alichaguliwa wa kwanza mwaka 2013 na Greater Western Sydney. Baada ya michezo tisa tu alihamia Western Bulldogs kwa mkataba mrefu wa mamilioni ya dola, na kila mpira aliokosa ukahesabiwa kwa fedha. Kisha ikaja fainali ya 2016 dhidi ya Sydney, timu ambayo sasa ilikuwa na Franklin. Boyd alifunga magoli matatu, na Bulldogs wakatwaa ubingwa waliokuwa wameungoja tangu 1954. Miaka mitatu baadaye, akiwa na miaka 23, alistaafu, baada ya kuzungumza hadharani kuhusu matatizo ya afya ya akili. Je, Boyd alifaulu au alishindwa? Shabiki wa Bulldogs atasema siku moja ile ilitosha. Mwingine atauliza siku hiyo ilimgharimu nini kijana mwenyewe.

Waliotoka mbali zaidi

Kwa familia zilizotoka Afrika, ubishi huu una tabaka jingine. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum aliyefika Australia na familia yake mwaka 2003 baada ya kupitia Misri, alisajiliwa na North Melbourne mwishoni mwa 2009. Mwaka 2013 akawa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Sudan kucheza AFL, na mpira wake wa kwanza kuupiga uliingia golini. Wiki chache baadaye alifunga magoli sita katika mchezo mmoja.

Kuanzia hapo watu wengi walimtazama kama bendera ya jamii nzima kabla ya kumtazama kama mchezaji. Akifunga, alikuwa dalili ya Australia mpya. Akikosa, wengine walisema amebebwa kwa ajili ya habari. Alipata pia matusi ya ubaguzi wa rangi kutoka kwa watazamaji. Ni vigumu kupima kipaji cha mtu kwa haki ilhali umembebesha mambo ambayo hayamo katika mchezo. Mwishowe, mwaka 2018, Daw alionyesha baadhi ya michezo yake bora kabisa akiwa beki.

Mabior Chol, naye mwenye asili ya Sudan Kusini, alidumu misimu sita Richmond akicheza michezo takriban 30 tu. Alipohamia Gold Coast alifunga magoli 44 katika msimu wa 2022, akiwa mfungaji bora wa klabu yake. Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, alijipatia jina katika ulinzi, na mwaka 2021 aliingia katika kikosi bora cha ligi. Wote watatu wanaonyesha kwamba nafasi anayosajiliwa nayo mchezaji si lazima iwe ndiyo atakayong'aa nayo, na kwamba klabu ya kwanza si lazima iwe ndiyo itakayomfahamu.

Kwa nini warefu huchelewa

Makocha na wachunguzi wa vipaji hukubaliana juu ya jambo moja: washambuliaji warefu hukomaa polepole. Mwili wa miaka 18 bado haujajaa, na beki anayemkaba huenda ana miaka 28 na uzito mkubwa zaidi. Kuruka ni kipaji, lakini kujua wakati wa kuruka ni elimu ya michezo mingi. Isitoshe, mchezaji wa kiungo anaweza kujitafutia mpira mara 20 kwa siku hata timu ikizidiwa. Mshambuliaji hutegemea wengine wamletee, na wasipomletea, takwimu zake humsema vibaya bila yeye kuwa na hatia.

Basi shabiki anayetaka kumpima kwa haki atazame nini? Kwanza, mienendo yake pale asipokuwa na mpira: je, hukimbia tena baada ya kukosa, au husimama? Pili, mikono: mipira inayomfikia juu ya kichwa huidaka au huipangua tu? Tatu, mguu: akiwa peke yake mita 40 kutoka golini, hufuata utaratibu uleule kila mara, au hubahatisha? Nne, na hili husahaulika zaidi, timu yake inaupeleka mpira mbele mara ngapi, na kwa ubora gani? Maswali haya hayajibiki kwa mchezo mmoja, na mara nyingi hata kwa msimu mmoja.

Ubishi hautakwisha, na pengine haifai uishe. Ni sehemu ya kuipenda klabu, na kwa mgeni ni njia rahisi ya kuanza mazungumzo na jirani. Lakini anayezungumziwa huwa bado anaishi nyumbani kwa wazazi wake, ana simu mkononi, na husoma yanayosemwa. Mjadala kuhusu uwezo wake ni halali. Hukumu juu ya utu wake si sehemu ya mchezo. Watts alihitaji miaka minane ili uwanja uleule ulioshuhudia akiangushwa umshangilie kwa goli la ushindi. Wengi waliosimama kumpigia makofi siku ile walikuwa wameshamhukumu zamani.