KILA MTU "ANAJUA", SI "WANAJUA"
Vitenzi vya Kiingereza baada ya everyone, each na some



Hapa Tanzania masomo mengi ya sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anaweza kulijua jibu barabara, lakini sentensi yake ikampotezea alama. Kosa moja linalojirudia sana ni hili: Everyone know the answer. Sahihi ni: Everyone knows the answer.

Kwa nini? Mwanafunzi huwaza "watu wote", akaweka kitenzi cha wingi. Lakini everyone maana yake ni "kila mtu", nasi kwa Kiswahili husema "kila mtu anajua". Hata katika Kiarabu mnachosoma hapa, kullu twaalib ni kila mwanafunzi, na kullut-twullaab ni wanafunzi wote.

Jambo la pili linalochanganya ni herufi s. Mwishoni mwa nomino huonyesha wingi: boys. Mwishoni mwa kitenzi cha wakati uliopo huonyesha umoja: he knows. Usizichanganye.

Sasa tuyagawe maneno haya katika mafungu matatu.

1. Ya umoja daima: everyone, everybody, someone, anybody, nobody, everything, nothing, each, either, neither.
Nobody is absent.
Each of the boys has a book.
Angalia mfano wa pili. Neno boys lisikuvute. Kiima ni each. Kwa Kiswahili: kila mmoja wa wavulana ana kitabu.

2. Ya wingi daima: both, few, many, several.
Many of the pupils live far away.

3. Yanayofuata nomino yake: all, some, most, any.
Some of the cups are dirty.
Some of the water has spilt.
Vikombe vinahesabika, kwa hiyo ni wingi. Maji hayahesabiki, kwa hiyo ni umoja. Hapa tahadhari! Kwa Kiswahili tunasema maji "yamemwagika", maziwa "yamechacha", kama vile ni vingi. Kwa Kiingereza water na milk ni umoja.

Neno none lina ruhusa: None of the boys is here au are here, yote hukubaliwa. Ila kwa kisichohesabika ni umoja tu: None of the food is left.

Mzazi, hata kama hukusoma Kiingereza unaweza kumsaidia mwanao. Akiandika everyone au nobody, mwambie aisome sentensi kwa Kiswahili. Akisema "kila mtu ana..." au "hakuna mtu anaye...", basi kitenzi ni cha umoja.

ZOEZI: Chagua neno sahihi.
(a) Everything (is/are) ready.
(b) Both of my sisters (cooks/cook) well.
(c) Most of the milk (was/were) sour.

Majibu: (a) is (b) cook (c) was.