Watoto Hawachomi Miswada

Mswada wa kwanza wa Buchi Emecheta uliishia motoni, na aliyeuchoma ni mumewe. Ilikuwa London, katikati ya miaka ya 1960, na mwandishi huyo kutoka Nigeria alikuwa akilea watoto wadogo huku akifanya kazi maktaba. Aliiacha ndoa, akawalea watoto wake watano peke yake, akasomea sosholojia chuo kikuu na kuendelea kuandika. Kitabu kilichoungua alikiandika upya, kikatoka mwaka 1976 kwa jina la The Bride Price. Miaka miwili kabla yake, katika Second-Class Citizen, aliwatabarukia watoto hao kitabu na kuzishukuru hata kelele zao.

Wengi wetu tunaotamani kuandika tuna kisingizio kimoja: watoto wakikua, nitaanza. Kisa cha Emecheta kinatusuta. Kelele za watoto watano hazikumharibia ukurasa hata mmoja. Aliyemrudisha nyuma ni mtu mzima ambaye hakuihesabu kazi yake kuwa kazi.

Toni Morrison wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, aliandika riwaya yake ya kwanza akiwa mhariri wa vitabu na mama aliyeachika, mwenye wana wawili. Aliandika alfajiri, kabla hawajaamka na kuanza kumwita. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1970, akikaribia miaka arobaini.

Kwetu pwani, familia imekuwa pia sababu ya kuandika. Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wake mashuhuri mnamo 1858, akiwa mjane na mgonjwa, ili amwachie bintiye wosia. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, naye alimtungia binti yake Utenzi wa Hati.

Hata hivyo, mzigo haulingani. Baba akishika kalamu, watoto huambiwa wanyamaze, baba ana kazi. Mama akishika kalamu, huulizwa chakula kitaiva saa ngapi. Ndiyo maana wanawake wengi huandika usiku wa manane au alfajiri, wakilipia kila ukurasa kwa usingizi wao.

Dawa yake ni makubaliano. Mwandishi na ataje saa yake mbele ya wote nyumbani, na katika saa hiyo mwingine ashike zamu ya jikoni na ya kuwaogesha watoto. Nusu ukurasa kwa siku huzaa zaidi ya kurasa 180 kwa mwaka, na hicho tayari ni kitabu. Naye mwandishi, saa yake ikiisha, afunge daftari na kurudi kwa wanawe kwa moyo wote.

Kama mwenzako anaandika, usingoje kitabu kichapishwe ndipo umpongeze. Leo jioni chukua sufuria uoshe wewe, yeye akae mezani.