Fimbo Nyeupe

Jioni hii nataka kuwaeleza habari za fimbo. Si bakora ya mzee, wala ile ya mwalimu ambayo wanafunzi waijua sana, bali ni fimbo nyeupe ashikayo mtu asiyeona apitapo barabarani. Wengi wetu tumeiona, lakini wengine hudhani weupe wake ni pambo tu.

Katika mji wa Chicago, nchi ya Marekani, mwaka 1917 kilianzishwa chama cha Lions, maana yake Simba. Leo matawi yake yako duniani kote, hata Nairobi na Dar es Salaam. Watu wa mwanzo walikuwa wafanya biashara waliozoea kukutana wakati wa chakula cha mchana, wakaona si vema kukutana kwa faida yao wenyewe tu. Yafaa pia kuutumikia mji bila ujira. Mwaka 1925 walipofanya mkutano wao mkuu huko Ohio, alikuja Helen Keller, mwanamke ambaye tangu umri wa miezi kumi na tisa hakuona wala kusikia, akawaomba wawe watetezi wa vipofu. Wakakubali. Lakini kukubali ni kazi ya dakika moja; lililobaki ni kujua kipofu ana haja gani hasa.

Basi mwaka 1930, katika mji wa Peoria, Bwana George Bonham wa chama hicho alimwona kipofu akijaribu kuvuka njia. Alikuwa na fimbo mkononi, lakini ilikuwa nyeusi, na lami nayo ni nyeusi, hata wenye motokaa hawakuitambua. Ifikirini hatari yake: yeye haoni motokaa, nao hawajui kwamba haoni. Mtu mwingine angalimpa senti mbili akaenda zake. Wanachama wa Peoria walipaka fimbo rangi nyeupe, wakazizungushia ukanda mpana mwekundu, wakawapa vipofu wa mji wao.

Hata hivyo, rangi peke yake haimsimamishi dereva mwenye haraka. Kwa hiyo shauri lilipelekwa katika baraza la mji, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule ikapitishwa sheria kwamba avukaye njia na fimbo nyeupe apishwe kwanza. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa habari yote. Rangi ni ya bei ndogo, na sadaka huliwa ikaisha siku ile ile. Bali sheria ile ilimpa kipofu haki ya njia, hata siku ambayo hapana mwema wa kumshika mkono.

Haifai kusema kwamba Peoria walikuwa wa kwanza kabisa. Huko Bristol, Uingereza, James Biggs, mpiga picha aliyepofuka kwa ajali, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe tangu mwaka 1921; na mwaka 1931 Bibi Guilly d'Herbemont aliwagawia vipofu wa Paris fimbo za namna hiyo.

Fimbo hizo za kwanza zilikuwa fupi, kazi yao ilikuwa kuonekana tu. Katika Vita Kuu ya Pili, Richard Hoover, aliyefundisha askari waliopofuka hospitalini huko Pennsylvania, alitengeneza fimbo ndefu na nyepesi. Mwenye kuitumia huipeleka kushoto na kulia, na ncha yake hugusa mahali ambapo mguu utakanyaga katika hatua ifuatayo. Mguu wa kulia ukienda mbele, ncha iko kushoto. Hivyo hulijua shimo, jiwe au mfereji kabla ya kulifikia.

Tarehe 15 Oktoba ndiyo Siku ya Fimbo Nyeupe, nayo huadhimishwa Tanzania pia. Wanafunzi wengi wamwonapo asiyeona hukimbilia kuivuta fimbo yake, wakidhani wanamsaidia. Kumbe wamemnyang'anya macho! Kwanza msalimu, umwulize kama ataka msaada. Akikubali, mpe kiwiko chako akishike, nawe utangulie nusu hatua. Mkifika penye kidaraja au ngazi, simama kidogo, umwambie kama mnapanda au mnashuka.