Bwawa la kuogelea kuwa la samaki: Faida iko wapi?

Na Mwandishi Wetu

MWENYE nyumba ambaye bwawa lake la kuogelea limekaa miaka bila mwogeleaji ana njia mbili alizozizoea. Ya kwanza ni kuendelea kulitunza kwa gharama isiyorudi, na ya pili ni kuliacha liwe mazalia ya mbu. Siku hizi inatajwa njia ya tatu, nayo ni kuligeuza kuwa bwawa la kufugia samaki.

Kwa mtazamo wa haraka wazo hilo linavutia. Shimo limekwishachimbwa, saruji imekwishamwagwa na maji hayavuji. Katika maeneo kama Mikocheni, Masaki na Mbezi Beach jijini Dar es Salaam, ambako mabwawa hayo yapo na wala samaki wako karibu, mtu anaweza kudhani kwamba kilichobaki ni kununua vifaranga tu.

Hata hivyo, hesabu inaonyesha kwamba bwawa ni sehemu ndogo ya biashara hii. Fedha inakwenda kwenye chakula, hewa na maji, na hapo ndipo mwekezaji mdogo anapopata au kupoteza.

MFANO WA ARIZONA

Mfano unaotajwa mara kwa mara ni wa Mesa, katika jimbo la Arizona nchini Marekani. Mwaka 2009 Dennis McClung na mkewe walinunua nyumba iliyokuwa na bwawa la kuogelea lisilotumika. Walilifunika kwa plastiki, wakafuga samaki wa jamii ya perege, wakaweka kuku, na maji yenye kinyesi cha samaki wakayatumia kustawisha mboga.

Jambo ambalo wasomaji wa habari hiyo hulisahau ni kwamba familia ile ililenga kujilisha yenyewe. Samaki aliyeliwa nyumbani hulinganishwa na bei ya kumnunua sokoni, lakini samaki wa kuuzwa hulinganishwa na gharama ya kumzalisha. Hizo ni hesabu mbili tofauti, na anayezichanganya atadhani anapata faida kumbe anajilisha tu.

HESABU YA SATO

Tuchukue bwawa la urefu wa mita 8, upana mita 4 na kina cha wastani mita 1.5. Lina eneo la mita za mraba 32 na maji mita za ujazo 48, yaani lita 48,000.

Bila mashine ya hewa, ni salama kuweka sato wawili au watatu kwa kila mita ya mraba. Hao ni samaki 96. Hata asipokufa mmoja, na kila mmoja akafikia gramu 300, mavuno ni kilo 29. Hicho ni kitoweo cha familia, si biashara.

Kwa mashine ya kupulizia hewa na kubadilisha maji, unaweza kuweka sato 10 kwa kila mita ya ujazo, yaani 480. Wakifa asilimia 10 na waliobaki wakafikia gramu 350 baada ya miezi saba, utavua kilo 151. Sato hula takriban kilo 1.6 za chakula bora ili kuongeza kilo moja ya uzito, kwa hiyo utahitaji kilo 242.

Bei zinazofuata ni za kufanyia hesabu tu. Msomaji aweke za soko lake. Tuchukulie kilo ya chakula Sh. 3,500, kifaranga Sh. 200, uniti ya umeme Sh. 350, uniti ya maji Sh. 1,700 na kilo ya sato Sh. 10,000.

Chakula: Sh. 847,000
Vifaranga: Sh. 96,000
Umeme wa mashine ya hewa ya wati 100, siku 210: Sh. 176,400
Maji ya kujaza, na kubadilisha asilimia 10 kila wiki kwa wiki 30: Sh. 326,400
Jumla ya gharama: Sh. 1,445,800
Mauzo: Sh. 1,510,000

Kinachobaki ni Sh. 64,200 kwa miezi saba, kabla ya kumlipa anayelisha samaki na kabla ya kuhesabu bei ya mashine yenyewe. Mwenye kisima chake mwenyewe ataokoa sehemu kubwa ya fedha ya maji, na salio lake litakaribia Sh. 390,000. Aidha, maji yanayotolewa ni mbolea nzuri ya mchicha na matembele, na anayeyamwaga kwenye mfereji anamwaga fedha.

PAMPU YA ZAMANI NI MTEGO

Wengi hufikiri kwamba pampu iliyokuwa ikisafisha bwawa la kuogelea itafaa. Pampu ya aina hiyo yenye wati 750 ikiwashwa usiku na mchana hula uniti 18 kwa siku, ambazo kwa bei tuliyochukua ni Sh. 6,300. Kwa siku 210 zinafika Sh. 1,323,000, karibu sawa na mauzo yote ya sato. Pampu hiyo ilikusudiwa kuwashwa saa chache, na kichujio chake cha mchanga huziba upesi kwa kinyesi cha samaki.

Hatari nyingine ni umeme kukatika. Hewa ndani ya maji huwa kidogo kuliko wakati wote mwishoni mwa usiku, kabla ya jua kuchomoza. Bwawa lililojaa sato likikosa mashine saa hizo, kazi ya miezi sita inaweza kuelea juu ya maji asubuhi. Asiye na jenereta au betri ya akiba apunguze idadi ya samaki, au achague aina nyingine.

KAMBALE ANALIPA, LAKINI ANATAKA MTAJI

Aina hiyo nyingine ni kambale. Kwa kuwa huja juu na kuvuta hewa ya kawaida, hategemei mashine, na huvumilia msongamano. Katika bwawa lile lile weka 20 kwa mita ya ujazo, jumla 960. Kwa kuwa kambale hulana wenyewe kwa wenyewe wanapotofautiana ukubwa, tuchukulie wanapotea asilimia 20. Waliobaki 768 wakifikia gramu 800, mavuno ni takriban kilo 614.

Akila kilo 1.3 kwa kila kilo ya uzito, chakula ni kilo 798, yaani Sh. 2,793,000. Vifaranga kwa Sh. 300 ni Sh. 288,000, na maji, ambayo sasa yatabadilishwa asilimia 20 kila wiki, ni Sh. 571,200. Jumla ni Sh. 3,652,200. Kilo ikiuzwa Sh. 7,000, mauzo ni Sh. 4,298,000 na salio ni Sh. 645,800.

Hapa ndipo mfanyabiashara anapaswa kusimama na kutafakari. Salio ni kubwa mara kumi, lakini linadai zaidi ya Sh. milioni 3.6 zitoke mfukoni kidogo kidogo kabla samaki wa kwanza hajauzwa. Zaidi ya robo tatu ya fedha hiyo ni chakula. Chakula kikipanda kwa Sh. 1,000 tu kwa kilo, faida inageuka hasara ya Sh. 152,200. Bei ya samaki ikishuka kutoka Sh. 7,000 hadi 6,000, kinachobaki ni Sh. 31,800.

Anayeishiwa fedha mwezi wa nne huanza kuwapa samaki pumba tupu. Samaki hudumaa, na mtaji uliokwishaingia hudumaa nao. Ni afadhali kuanza na samaki 300 walioshiba kuliko 960 wenye njaa.

KUTAYARISHA BWAWA

Bwawa la kuogelea lina masalia ya dawa. Mrututu, ambao huwamo katika baadhi ya dawa za kuua ukungu wa kijani, ni sumu kwa samaki. Kuta zisuguliwe, maji ya zamani yatolewe yote, na bwawa lisuuzwe zaidi ya mara moja. Maji ya bomba yaachwe juani siku kadhaa ili klorini itoke. Palipozibwa kwa saruji mpya palowekwe na kusuuzwa kwanza, kwa sababu saruji mbichi huharibu maji.

Uchafu hukusanyika upande wenye kina kirefu. Uvutwe kwa mpira kila wiki, kwani chakula kilichobaki huoza na kutoa amonia, ambayo huua. Kwa sato, nunua vifaranga dume watupu, la sivyo watazaana na bwawa litajaa vidagaa visivyouzika. Kwa kambale, weka wavu pembezoni, kwani hutambaa na kutoka usiku wa mvua. Uzio wa kuzuia watoto ni wa lazima, kwa kuwa maji yaliyofifia hayaonyeshi aliyezama.

Ushauri kuhusu vifaranga unapatikana kwa afisa uvuvi wa halmashauri.

MNUNUZI KWANZA

Bei ya sato katika soko la Feri haipangwi na mwenye bwawa la Mikocheni. Inategemea pia shehena inayotoka Ziwa Victoria. Anayepeleka kilo 151 kwa mkupuo atapewa bei ya jumla. Nafasi ya mfugaji wa nyumbani ni kuuza samaki hai langoni, kidogo kidogo, kwa majirani, mama lishe na baa za karibu. Wateja hao watafutwe kabla ya vifaranga.

Mwisho, chukua karatasi uandike bei tano za mtaani kwako: chakula, kifaranga, umeme, maji na samaki. Zidisha kama tulivyofanya hapa. Karatasi ikionyesha hasara, bwawa nalo litaonyesha hasara, ila kwa gharama kubwa zaidi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mali iliyo majini haionekani inavyopungua.