Herufi za Vibao: Namna Jina la Mahali Linavyosomeka kwa Mbali

Kibao elekezi cha barabarani husomwa na mtu ambaye hajasimama. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita karibu mita 22 kila sekunde. Kwa makadirio ya wahandisi wa barabara, kila sentimita moja ya kimo cha herufi humpa msomaji umbali wa kati ya mita tatu na nusu na mita sita, kutegemea macho yake na ubora wa herufi. Herufi yenye kimo cha sentimita 20 basi huanza kusomeka mita 70 hadi 120 kabla ya kibao, na dereva hubaki na sekunde tatu hadi tano na nusu za kusoma, kuamua na kuanza kupunguza mwendo. Kwenye Barabara ya Morogoro pale Kibaha, ambako malori ya mikoani na ya nchi jirani hubanana na daladala na bodaboda, sehemu ya sekunde hizo huishia kwenye vioo vya pembeni.

Njia rahisi ni kukuza herufi. Lakini herufi kubwa hudai bati kubwa, nguzo nene na msingi unaohimili upepo, na gharama hupanda haraka. Ndiyo maana wachoraji wa herufi hushughulikia zaidi umbo: kwa kimo kilekile, herufi iliyochorwa vizuri husomeka kutoka mbali zaidi.

Kinachoharibika kwanza kwa umbali ni matundu na milango ya herufi. Tundu la e huzibika, mdomo wa c hujifunga, na zote mbili huanza kufanana na o. Kwa majina ya Kiswahili jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana katika vitabu vya Ulaya, kwa kuwa karibu kila jina la mahali huishia na irabu na hubeba irabu katika kila silabi. Msomaji wa Soga au Marui anategemea irabu kwa nusu ya jina. Kwa hiyo a inayofaa ni ile ya kitabuni, yenye mkunjo juu na tumbo chini. Ile a ya daftari la shule, duara lenye kijiti ubavuni, kwa umbali wa mita 80 haina tofauti kubwa na o.

Treni ya umeme iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 ina vituo vya Pugu, Soga na Ruvu. Pugu na Ruvu yakiandikwa kwa herufi kubwa tupu, PUGU na RUVU, yana herufi nne kila moja, U ziko mahali palepale, na P hutengana na R kwa mguu mmoja tu. Mchoraji akiufanya mguu huo mfupi au akiubana ndani, tofauti iliyobaki ni G na V. Kwa herufi ndogo hali hubadilika: g ya Pugu hushuka chini ya mstari, na v ya Ruvu hubaki juu yake. Hata kibao kikiwa na vumbi, umbo la jina zima huonekana tofauti.

Kibaha na Kibiti, wilaya mbili za mkoa uleule wa Pwani, huonyesha jambo hilohilo kwa upande mwingine: herufi tatu za mwanzo ni zilezile, na h ndefu ya Kibaha ndiyo inayosaidia jicho. Kisarawe ni gumu zaidi. Baada ya K hakuna herufi inayopanda wala inayoshuka, kwa hiyo jina hutegemea uwazi wa kila herufi na nafasi kati ya r, a na w. Halafu kuna Ilala, jirani wa Kisarawe. Katika herufi nyingi zisizo na urembo, I kubwa na l ndogo ni kijiti kimoja. Dawa yake ni ya zamani: Edward Johnston, aliyechora herufi za reli ya chini ya ardhi ya London mwaka 1916, aliipa l ndogo mkia uliopinda, na herufi za barabara za Uingereza zikaufuata.

Herufi hizo za barabara, ziitwazo Transport, zilichorwa na Jock Kinneir na Margaret Calvert kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Mpinzani wao, David Kindersley, alipendekeza herufi kubwa tupu. Jaribio lilifanywa katika uwanja wa ndege wa Benson: watu waliketi jukwaani, na gari lililobeba vibao likawaendea. Za Kindersley zilisomeka kwa mbali kidogo zaidi, lakini tofauti ilikuwa ndogo, na za Kinneir na Calvert ndizo zilizochaguliwa. Matokeo hayo yanastahili kuheshimiwa, kwani herufi ndogo si bora kila mahali. Humsaidia zaidi mtu anayelitafuta jina analolijua. Mgeni anayeliona Maneromango kwa mara ya kwanza hulisoma herufi kwa herufi, na kwake uwazi wa r na n ndio wenye thamani.

Usiku huleta tatizo lingine. Karatasi inayoakisi mwanga hurudisha taa za gari kwa nguvu, na herufi nyeupe juu ya rangi nzito huonekana kuvimba hadi matundu yake yakajaa. Kwa hiyo mstari wa herufi nyeupe huchorwa mwembamba kuliko wa herufi nyeusi juu ya rangi nyepesi. Transport ina uzito wa aina mbili kwa sababu hii. Marekani iliruhusu herufi mpya za Clearview mwaka 2004 baada ya majaribio ya usiku kuzisifu, ikaondoa ruhusa hiyo mwaka 2016, kisha ikairudisha mwaka 2018. Hoja moja ya walioiondoa ni kwamba sehemu kubwa ya faida ilitokana na karatasi mpya zilizolinganishwa na vibao vilivyochakaa. Jaribio linalochanganya herufi mpya na bati jipya halithibitishi kitu kuhusu herufi.

Kosa linaloonekana zaidi kwenye vibao vya ofisi na shule ni kubana. Kiswahili hutaka maneno mengi, kama Halmashauri ya Wilaya ya Kisarawe, na mwandishi wa mabango akiishiwa nafasi huzibana herufi za mwisho. Kugawa maneno katika mistari miwili ni bora daima. Kompyuta nayo imeongeza ubaya, kwa sababu neno huvutwa kwa kipanya hadi lienee.

Kuna pia ambacho herufi haiwezi kutibu. Kongowe ipo Kibaha na ipo Mbagala. Masaki ipo Kisarawe na ipo Kinondoni. Hapo panahitajika mshale, kilomita na jina la mji mkubwa unaofuata.

Halmashauri na wakala za barabara, TANROADS na TARURA, zinapoagiza vibao, zisiridhike na sampuli ya alfabeti juu ya meza. Yachapishwe majina yanayogombana, Pugu na Ruvu, Kibaha na Kibiti, Msanga na Msangani, kwa kimo kimoja na juu ya bati la aina moja. Vibao visimamishwe kando ya barabara, visomwe mchana wa jua kali na usiku kwa taa za gari, na miongoni mwa wasomaji wawemo wazee.