Namba Pleti Ikipotea: Piga Ripoti Kwanza, Lipa Baadaye

Mvua ya masika ikishika Nairobi, kuna barabara zinazogeuka mito. Mwenzetu mmoja hapa ofisini alipita kwenye maji ya South C jioni moja, akafika nyumbani salama na kumshukuru Mungu. Asubuhi alipokuwa akitoka, mlinzi wa geti akamwuliza, "Madam, namba ya mbele iko wapi?"

Haikuwepo. Alirudi barabarani akatafuta, wapi! Akauliza kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa, na ndani ya dakika tano akapewa namba ya "jamaa wa kusaidia". Jamaa akasema: tuma Sh4,500 kwa hii simu, kesho jioni utapata zote mbili. Akatuma. Kesho ikawa kesho kutwa, halafu simu ikawa haipatikani.

Ndiyo, anafanya kazi kwenye kampuni ya malipo, na bado aliingia boksi. Ametuambia tuwasimulie ili nyinyi msiingie.

Lakini Sh4,500 haikuwa shida kubwa kuliko zote. Siku tisa zilipita kabla hajaenda polisi. Kwa siku hizo zote namba yake ilikuwa huko nje, na hakukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba hana. Hebu fikiria mtu ameiokota na kuifunga kwenye gari lake. Anaweka mafuta na kutoroka bila kulipa, au anagonga mtu usiku na kukimbia. Polisi wakiitafuta namba hiyo kwenye rekodi, jina litakalotokea ni lako. Mlango wa kwanza kubishwa ni wako.

Ndiyo maana tunasema: piga ripoti kwanza, mambo ya pesa baadaye.

Hatua ya 1: Kituo cha polisi

Nenda siku hiyo hiyo. Beba kitambulisho na nakala ya logbook. Eleza imepotea wapi na lini, na kama ni ya mbele, ya nyuma au zote mbili. Hakikisha ripoti imeandikwa kwenye OB, uchukue nambari yake, kisha uombe abstrakti ya polisi. Ipige picha uiweke kwenye simu.

Abstrakti inaonyesha kwamba uliripoti, na ni tarehe gani. Si ruhusa ya kuzunguka miezi mitatu bila namba, kwa hivyo usikae.

Hatua ya 2: Omba kupitia eCitizen

Huduma za NTSA zinapatikana kupitia eCitizen. Ingia kwa akaunti yako mwenyewe, chagua NTSA, tafuta gari lako, kisha uombe namba pleti nyingine na upandishe abstrakti.

Hapa ndipo wengi hukwama: gari halionekani kwenye akaunti. Mara nyingi ni kwa sababu ulilinunua kwa mtu na hamkumaliza kubadilisha umiliki. Una funguo, una gari, lakini kwa rekodi za serikali bado ni la yule aliyekuuzia. Sheria ya Trafiki inasema gari lililouzwa lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 kabla mwenye gari mpya hajasajiliwa. Muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, na mnunuzi anaukubali kwenye yake. Ada hutegemea ukubwa wa injini. Kama bado hujafanya hivyo, mpigie simu muuzaji leo, kabla hajabadilisha namba ya simu au kuhamia ng'ambo.

Hatua ya 3: Lipa mahali panapofaa

Ukimaliza kujaza fomu, mfumo unakutolea bili yenye nambari yake ya malipo. Kama hakuna bili, hakuna cha kulipa. Mtu akikuitisha pesa kabla hujaona bili, huyo si serikali.

Kwa simu, malipo ya eCitizen huenda kwa Paybill 222222, na nambari ya akaunti ni ile iliyo kwenye bili yako. Kabla ya kuweka PIN, angalia vitu vitatu: nambari ya Paybill, nambari ya akaunti na kiasi. Ukiona jina la mtu binafsi kwenye skrini, hapo hapo simama.

Kiasi nacho? Namba pleti za kizazi kipya zilipozinduliwa Agosti 2022, bei iliyotangazwa ilikuwa Sh3,000. Wewe lipa kile kilichoandikwa kwenye bili, si kile ulichoambiwa na mtu.

Usifute ujumbe wa uthibitisho. Ikitokea pesa imetoka lakini bili bado inaonyesha hujalipa, usilipe mara ya pili. Kwa kutumia kodi ya muamala iliyo kwenye ujumbe huo, sisi au eCitizen tunaweza kufuatilia pesa ilikoenda.

Je, kama natumia saiba?

Hakuna ubaya. Wahudumu wa saiba wamesaidia Wakenya wengi, na kazi yao ilipwe. Lakini tenganisha pesa hizo mbili. Mhudumu mlipe ada yake kando. Ada ya serikali lipa mwenyewe, kutoka kwa simu yako, kwa bili iliyo na jina lako. Usimwachie nenosiri wala kodi zinazotumwa kwa simu yako, na uhakikishe umetoka kwenye akaunti kabla ya kuondoka.

Hatua ya 4: Kuchukua

Subiri ujumbe kwamba namba ziko tayari, kisha uende kwenye kituo ulichochagua. Beba kitambulisho, abstrakti, na ile pleti moja iliyobaki kama ipo.

Kitu kimoja cha kukumbuka: namba pleti halali hutengenezwa katika Gereza la Kamiti. Kwa hivyo fundi wa mtaani anayekuahidi "ya leo leo" hana pa kuitoa. Atakachokupa ni bati lenye rangi, na ukisimamishwa, mwenye kesi ni wewe.

Leseni nayo ikipotea?

Njia ni ile ile: polisi, abstrakti, eCitizen. Kama bado unatumia leseni ya zamani, ile ya kisasa yenye chipu ni Sh3,050, na lazima uende mwenyewe kwa alama za vidole na picha. Kwa hilo hakuna broka anayeweza kukuwakilisha.

Kama waleti ilienda yote pamoja na simu, orodhesha kila kitu kwenye ripoti moja: kitambulisho, leseni, kadi za benki, laini ya simu. Halafu azima simu ya mtu, utupigie tufunge akaunti yako kabla mwingine hajaijaribu.

Mwenzetu je?

Namba mpya alizipata, kwa kufuata hatua hizi hizi. Zile Sh4,500 hazijarudi mpaka leo. Anasema kilichomnyima usingizi ni zile siku tisa, kila simu ya namba ngeni ilipoita.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ya mvua nyingine, chukua dakika kumi. Kaza skrubu za namba ya mbele na ya nyuma. Piga picha logbook na leseni. Ingia eCitizen uone kama gari liko kwa jina lako. Na ile namba ya "jamaa wa kusaidia" kwenye simu yako, unaweza kuifuta.