Maktaba ya Jimbo: Ghala la kumbukumbu lililo wazi kwa wote

Jengo lenye kuba kubwa katika barabara ya Swanston, katikati ya jiji la Melbourne, ni Maktaba ya Jimbo la Victoria, iliyofunguliwa mwaka 1856. Kuingia ni bure, wala mgeni haulizwi kadi mlangoni.

Maktaba hii ni tofauti na ile ya mtaani, inayoendeshwa na baraza la mji na kuazimisha vitabu. Hapa vitabu kwa kawaida husomwa humo humo, kwa kuwa wajibu wake mkuu ni kuhifadhi. Msomaji hupata pia intaneti, magazeti ya zamani, ramani, picha, na wakutubi wa kumsaidia kutafuta historia ya familia.

Wajibu huo unatuhusu nasi. Sheria inamtaka kila anayechapisha kitabu au jarida jimboni kuikabidhi maktaba nakala moja ndani ya miezi miwili, na haibagui lugha. Jarida la jumuiya, au diwani ya Kiswahili ambayo mtunzi ameichapisha kwa fedha zake, navyo vimo. Tusipokabidhi, wajukuu watakaotafuta habari zetu huenda wasiikute sauti yetu katika kumbukumbu za jimbo.